Yungiyungi la Zawadi Katika Nchi ya Jua Kali

Penye maduka ya Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong mjini Nairobi, watu wengi hupita kila siku wakienda kazini na kurudi. Maduka hayo yalijengwa katika miaka ya 1950 na mfanyabiashara Abdul Habib Adam, na jina lake ndilo linalotajwa na makondakta wa magari hata leo. Kandokando ya barabara hiyo, kadiri mtu aelekeavyo upande wa Karen, wauza miche hupanga vyungu vyao safu kwa safu, na huko ndiko wengi hununua zawadi za arusi, za Pasaka, za kumtazama mgonjwa, na za kumuaga mwenzao anayeacha kazi. Miongoni mwa zawadi hizo moja ipendwayo sana ni yungiyungi, ambalo wauzaji huliita lili.

Kulinunua ua hilo ni kazi ya dakika chache. Kulitunza ni habari nyingine, hasa kwa mtu ambaye kwao si Nairobi bali ni nchi ya jua na ukavu.

Mathalani, karani mmoja astaafu kazi mjini. Wenzake wachanga fedha na kumnunulia yungiyungi katika chungu, lenye maua matatu yaliyofunuka na matumba mawili ambayo hayajafunuka. Chungu kimezungushiwa karatasi ya kung'aa na kufungwa kwa utepe. Siku ya tatu karani yumo ndani ya basi la kwenda Mwingi, amekipakata chungu chake kama mtoto. Huko nyumbani maji hutekwa katika kisima kilichochimbwa mchangani mwa mto mkavu, na punda ndiye ayaletaye. Wiki ya kwanza jirani waja kulitazama ua na kulisifu. Wiki ya pili majani ya chini yageuka rangi ya manjano. Karani azidi kulimwagia maji, asubuhi mara moja na jioni mara moja. Mkewe, ambaye ndiye aendaye mtoni pamoja na punda, auliza swali la haki: je, yafaa maji ya watoto na ya mbuzi yagawanywe na ua? Wiki ya sita shina limelala chini, nalo latupwa jaani. Tangu siku hiyo karani aona haya kuwaandikia wenzake barua, maana hajui atawaambia nini juu ya zawadi yao.

Mambo ya namna hii hutokea katika nyumba nyingi, na la kusikitisha ni kwamba wote wawili, mume na mke, walidhani ua limekufa kwa kukosa maji. Sivyo. Maua ya chungu yatolewayo zawadi aghalabu hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Tena huenda lile lililotupwa jaani lilikuwa halijafa. Lilikuwa limelala tu.

KUMJUA MGENI

Kabla ya yote yampasa mwenye zawadi ajue amepewa nini. Kiswahili cha zamani kina maneno mawili: yungiyungi, ambalo hasa ni ua la majini lielealo juu ya mabwawa, na nyinyoro, mmea wa nchi kavu wenye tunguu ardhini, ambao wengi wamelisoma jina lake katika Biblia. Siku hizi neno yungiyungi hutumika kwa mimea ya jamaa mbalimbali, na kila mmoja una desturi zake.

Wa kwanza ni yungiyungi lenyewe hasa. Lina shina moja lililosimama, majani membamba yaliyolizunguka shina tangu chini hata juu, na maua makubwa kama tarumbeta. Lile jeupe la Pasaka, ambalo wataalamu huliita Lilium longiflorum, asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani na Taiwan. Chini ya udongo lina tunguu, yaani kichwa mfano wa kitunguu, lakini kilichofanywa kwa magamba manene yaliyopangana.

Wa pili ni ule ambao ua lake jeupe limekunjwa kama karatasi ya kufungia karanga, na katikati yake kimesimama kijiti cha manjano. Jina lake la kitaalamu ni Zantedeschia aethiopica, ingawa hautoki Ethiopia. Asili yake ni Afrika Kusini, mahali pa vinamasi. Katika nyanda za juu zenye baridi huweza kustawi kando ya mifereji bila kuangaliwa sana.

Wa tatu ni yungiyungi la amani, ambalo jina lake la kitaalamu ni Spathiphyllum. Lina majani mapana ya kijani kilichokoza, na ua jeupe lililosimama kama tanga dogo. Halina tunguu. Lilitoka katika misitu ya Marekani ya joto, chini ya miti mirefu, na kwa hiyo halipendi kuchomwa na jua wala halina wakati wa kulala.

Mtu asiyetofautisha mitatu hiyo atamwagia maji ule unaotaka kupumzika, na kuunyima ule uliozaliwa kinamasini. Basi mpokeaji amwulize mtoaji, na mtoaji amwulize muuzaji, ni upi kati ya hiyo.

MIGUU BARIDI, KICHWA PENYE MWANGA

Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Mji uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hata katika miezi ya Januari na Februari, jua linapokuwa kali, usiku huja na ubaridi wake. Ua lililokuzwa katika hali hiyo, likipelekwa Mwingi, Voi au Garissa, hukuta mchana ulio mkali zaidi na usiku usiopoa vya kutosha.

Yungiyungi lenye tunguu lapenda mwanga kichwani na ubaridi miguuni. Mmea uliopandwa shambani hujisaidia wenyewe, kwa kuwa mizizi yake hushuka chini penye udongo wa baridi. Mmea wa chungu hauna pa kukimbilia. Jua hukipiga chungu pande zote, na kama ni chungu cheusi cha plastiki kilichowekwa karibu na ukuta wa mabati, udongo wa ndani hupata moto hata mizizi ikaungua, ijapokuwa maji yamo.

Dawa yake ni rahisi, nayo inajulikana katika kila nyumba yenye mtungi wa udongo. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu machache hupenya nje na kukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Basi mwenye ua na achukue chungu kikubwa zaidi cha udongo, au debe lililotobolewa chini, akiweke chungu cha ua ndani yake, na nafasi iliyobaki aijaze mchanga. Mchanga huo ukirashiwa maji kidogo utakipoza chungu cha ndani kama vile mtungi upoavyo. Juu ya udongo wa ua atandaze nyasi kavu au majani makavu, unene wa vidole viwili, lakini yasiligandame shina.

Kisha na achague mahali. Pema kuliko pote ni ukumbi unaotazama mashariki, ambapo jua la asubuhi hufika mpaka saa tatu au saa nne, na baadaye huja kivuli. Jua la alasiri ni adui. Hali kadhalika upepo wa kiangazi, ambao hukausha majani upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyanywesha. Wakaao katika nyumba za ghorofa huko Kilimani na mahali pengine mjini wasidhani kuwa wameepukana na jambo hili, maana roshani inayotazama magharibi mwezi wa Februari huweza kuliunguza ua kama nyika yenyewe. Yungiyungi la amani likae ndani ya nyumba, karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja.

Udongo nao una neno lake. Udongo mweusi wa tambarare za Athi hushika maji kama ufinyanzi wakati wa mvua, na kupasuka wakati wa jua. Haufai peke yake. Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za udongo mwekundu, kama ule wa magharibi ya Nairobi, sehemu moja ya samadi iliyooza vema, na sehemu moja ya mchanga mnene wa mto. Samadi mbichi isitumiwe, kwani huunguza mizizi.

MAJI KWA KIPIMO

Jambo la kwanza la kufanya siku zawadi inapofika nyumbani ni kuiondoa ile karatasi ya kung'aa. Ni nzuri machoni, lakini huyazuia maji yasitoke chini ya chungu, na mizizi ikikaa katika maji yaliyotuama hukosa hewa na kuoza. Mmea wenye mizizi iliyooza hauwezi kunywa, na majani yake hulegea sawasawa na ya mmea wenye kiu. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Huona majani yamelegea, huongeza maji, na kwa kuongeza huzidi kuua.

Kwa hiyo asiangaliwe jani tu, uulizwe udongo. Mwenye ua atie kidole ndani ya udongo mpaka kiungo cha pili. Akikuta unyevu, asimwagie. Akikuta umekauka, amwagie polepole mpaka maji yaanze kutoka chini, kisha ayamwage yaliyobaki katika sahani. Wakati unaofaa ni asubuhi na mapema, au jioni jua lishukapo.

Methali yasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa ua la chungu methali hiyo haifai. Maji kidogo kidogo kila siku huilowesha ngozi ya udongo tu, na mizizi iliyo chini hubaki na njaa, au ile ya juu huota karibu na jua na kuungua. Afadhali maji mara chache, na kila mara ya kushibisha.

Kwa njia hiyo swali la yule mke wa karani hupata jibu lake kwa hesabu. Chungu chenye upana wa sentimita 15 kwa kawaida chatosheka na nusu lita kwa mara moja. Mtungi wa lita 20 utalinywesha ua mara 40. Hata kama joto limezidi na ua likanywa kila baada ya siku mbili, mtungi mmoja utatosha kwa siku 80. Tena si lazima yawe maji safi ya kunywa. Maji yaliyooshea mchele au mboga yafaa sana, maadamu hayana chumvi wala sabuni. Mke alikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu maji ya asubuhi na jioni yalikuwa yakipotea bure, na juu ya kupotea yalikuwa yakiliua ua. Ua litunzwalo kwa akili halimnyang'anyi mtoto kikombe chake.

Mahali pengi penye ukavu maji ya visima virefu yana chumvi. Dalili yake ni ukoko mweupe juu ya udongo na kingo za chungu, na ncha za majani kuwa za kahawia. Mwenye maji ya namna hiyo akinge ya mvua kila ipatikanapo, na mara moja moja ayamimine kwa wingi katika chungu ili yaioshe chumvi na kuitoa chini.

Yungiyungi la kinamasini pekee ndilo lisiloudhika kwa kukaa na sahani ya maji wakati linapokua na kutoa maua. Lile la amani lina adabu ya kujisemea: likiwa na kiu huangusha majani yote kwa pamoja, na likinyweshwa huyainua tena baada ya muda mfupi. Lakini lisizoezwe kuangusha majani kila wiki.

UA LINAPOLALA

Maua ya yungiyungi lenye tunguu hayadumu. Yakinyauka, na yakatwe yenyewe, lakini majani na shina yaachwe. Mkulima ataelewa sababu yake: majani ndiyo jiko, na tunguu ndilo ghala. Chakula kitakachotoa maua ya mwaka ujao hupikwa na majani haya ya mwaka huu, kisha hupelekwa chini na kuwekwa akiba. Akataye majani mabichi ili chungu kipendeze amelichoma ghala kabla ya mavuno kuingia. Katika muda huo apewe maji yaliyolowekwa samadi, mepesi kama chai ya rangi, mara moja kila wiki mbili.

Baada ya miezi kadhaa majani hugeuka manjano yenyewe, kuanzia chini. Huo si ugonjwa, ila ni alama kwamba kazi imekwisha. Sasa maji yapunguzwe, na shina likishakauka likatwe. Chungu kiwekwe mahali pa baridi na kivuli, na udongo uachwe na unyevu mdogo sana. Tunguu la yungiyungi halina ganda kavu la kulifunika kama kitunguu cha kupikia, na kwa sababu hiyo likikaushwa kabisa hunyauka na kufa.

Lipo tatizo moja ambalo mtu wa nchi ya joto yampasa alijue ili asijilaumu bure. Yungiyungi la Pasaka hutaka baridi kabla ya kutoa maua. Wakuzaji huyaweka matunguu yake katika baridi ya nyuzi 4 hadi 7 hivi kwa muda wa wiki sita. Mwenye friji aweza kufanya vivyo hivyo: alifunge tunguu ndani ya mfuko wenye matundu, pamoja na vumbi la mbao lenye unyevu kidogo, alitenge na matunda yaliyoiva, kwa maana hewa itokayo katika matunda hayo huliharibu, na aandike juu ya mfuko kwa herufi kubwa kuwa si chakula. Asiye na friji aweza kumpelekea ndugu au rafiki akaaye nchi ya baridi kama Limuru au Kinangop. Bila baridi, ua huenda likatoa majani tu mwaka unaofuata.

Onyo hili lisisahauliwe. Yungiyungi lenye tunguu ni sumu kubwa kwa paka: jani, ua, hata vumbi lake la manjano huharibu figo, na paka hufa. Utomvu wa yungiyungi la kinamasini na wa lile la amani huwasha na kuchoma kinywa cha mtoto atafunaye jani. Basi vyungu viwekwe mahali ambapo watoto na wanyama hawafiki.

NYINYORO YA NYIKANI

Katika nchi ya Ukambani wakulima huzitegemea zaidi mvua za mwezi wa Oktoba hadi Desemba. Mvua hizo zinapokuja, mahali pengi penye vichaka huonekana kijiti kimetoka ardhini peke yake, na juu yake tufe jekundu la vijiua vingi vyembamba kama brashi. Hiyo ndiyo nyinyoro, ambayo wataalamu huiita Scadoxus multiflorus. Majani yake hufuata, hufanya kazi yake, na kiangazi kinaporudi hutoweka. Mpita njia wa mwezi wa Agosti hataona kitu ila udongo mkavu, wala hatajua kuwa anakanyaga juu ya ghala lililojaa.

Hakuna amwagiaye nyinyoro maji. Yenyewe imejua tangu zamani kwamba ukavu haushindwi kwa kunywa sana, bali kwa kuweka akiba na kulala kwa wakati wake. Atakaye ua la namna hiyo nyumbani aombe chipukizi la tunguu kwa jirani aliyelipanda, au anunue kwa wauza miche, wala asichimbue yale ya porini yakaisha. Na akumbuke kuwa nayo ina sumu, kwa watu na kwa mifugo.

Kwa hiyo watoao zawadi nao wana wajibu. Kabla ya kuchagua chungu pale barabarani, mtoaji afikiri kwanza juu ya nyumba ambayo ua litakwenda kukaa, kabla ya kufikiri juu ya rangi ya utepe. Kwa mwenyeji wa Limuru, yungiyungi la Pasaka ni zawadi njema. Kwa mwenyeji wa Mwingi au Garissa, mmea wenye desturi ya kulala wakati wa kiangazi utamfaa zaidi, na ikiwa ni lazima apewe lile la nchi za mbali, basi apewe pamoja na maneno machache ya jinsi ya kulitunza.

Na yule karani, kama angalikwenda jaani siku ile na kuufukua udongo kwa vidole, huenda angalikuta tunguu lingali gumu na zito. Tunguu gumu li hai. Lililo laini na lenye harufu limeoza. Angalilisafisha na kulirudisha katika chungu chenye mchanga na kivuli, na maji kidogo kutoka katika bakuli la kuoshea mchele. Kisha angaliweza kuketi na kuwaandikia wenzake wa Nairobi barua bila haya yoyote, kwamba zawadi yao ipo, imelala, na inangoja wakati wake.